Diski Isiyokuwa Tupu

Ofisini walimwita Mama Ramani, hata wateja waliokuja kupimiwa viwanja vyao. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mtunza kumbukumbu wa ofisi ya wapima ardhi. Alianza na ramani za karatasi, zilizoviringishwa na kupangwa kwenye kabati refu la chuma, na ramani zilipohamia kwenye kompyuta naye akahama nazo. Hakuna aliyemuuliza kama kompyuta anazijua. Siku ilipoletwa seva, ile kompyuta kubwa ya kuhifadhi kazi za ofisi nzima, mpima mkuu alitazama huku na huku, akaona kabati la chuma limebaki tupu, akasema iwekwe humo. Na kwa kuwa ufunguo wa kabati alikuwa nao Mama Ramani, seva nayo ikawa yake.

Aliyeifunga alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake, fundi wa kompyuta. Picha za viwanja zilizopigwa na droni, vile vindege visivyo na rubani, zilikuwa nzito, zikijaza diski kila baada ya miezi michache, na kila zikijaa shemeji huyo aliitwa aache shughuli zake aje kufunga nyingine. Mwishowe alichoka, akaandika programu. Ukiichomeka diski mpya kwenye nafasi yake, programu inaitambua, inaiandaa, inaipa jina na kuiunganisha na wenzake bila mtu kugusa kitu. Ikafanya hivyo mara tatu bila tatizo. Shemeji akapata kazi mji mwingine, akaaga kwa amani, na mpima mkuu akaanza kuisifu programu ile kwa kila mgeni.

Jumatatu moja asubuhi seva ilijaa. Wachoraji wawili wa ramani wakakaa mikono kifuani kwa sababu hawakuwa na pa kuhifadhi kazi. Mama Ramani alikwenda duka la vifaa vya kompyuta, akanunua diski, akaichana plastiki yake mbele ya kabati, akaichomeka na kusubiri. Badala ya makaribisho aliyoyazoea, kioo kiliandika: Diski hii si tupu. Sitaigusa. Kama una hakika, andika FUTA.

Aliichomoa, akaipuliza, akairudisha. Maneno yaleyale. Mchoraji mmoja akaja kuchungulia, akamwambia, si kazi hiyo inajiendesha yenyewe? Dakika tano baadaye mwenzake akaja kumwambia hivyo hivyo, kama vile ndiye wa kwanza kuligundua hilo. Kisha akaja mpima mkuu, naye akasema lake, lilelile. Mama Ramani aliwajibu wote watatu kwa upole, na kila jibu lilitoka fupi kuliko lililotangulia.

Akampigia shemeji.

"Programu haijaharibika, shemeji," fundi alisema. "Niliiambia isiguse diski yenye kitu ndani."

"Lakini nimeinunua asubuhi hii, na plastiki nimeichana mwenyewe."

"Basi umeuziwa plastiki mpya."

Akamweleza kuwa uamuzi ni wake. Akiandika neno lile moja, kila kilichomo kitapotea na baada ya dakika mbili wachoraji watakuwa kazini.

Mpima mkuu, aliyekuwa amesimama nyuma yake akisikiliza, akasema aandike basi, wanangoja nini.

Hakuandika. Mwaka wake wa kwanza katika ofisi ile aliambiwa achome furushi la karatasi kuukuu, akalichoma bila kulifungua. Ndani yake kulikuwa na vipimo vya mipaka ya kijiji kizima. Wapima walirudi kijijini huko miezi minne kuvitafuta upya, wakimtazama kila jioni wanaporudi na matope hadi magotini. Tangu hapo haharibu kitu asichokifungua kwanza. Alimwambia mpima mkuu kwamba atatazama kilichomo, kisha ataamua. Mpima mkuu akatazama saa yake kwa namna ya kuonekana.

Aliiunganisha diski na kompyuta ya mezani kwake. Ilikuwa na folda moja tu ya maana, na ndani yake kitabu: mazoezi ya hesabu kwa shule za msingi, sura kumi na moja, michoro ya pembe na duara imepangwa vizuri. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na cheo cha mwandishi, mwalimu mstaafu, na namba ya simu. Mama Ramani aliegemea kiti, akashika kichwa. Sasa hata kama angetaka kufuta, mkono usingekubali.

Alirudi dukani na diski mkononi. Muuzaji alikuwa mtu wa tabasamu. Akasema diski ni mpya, labda imeingia uchafu kiwandani. Mama Ramani akamuuliza ni kiwanda gani kinachoingiza diski sura kumi na moja za hesabu. Muuzaji akacheka, akasema amwachie, atampa nyingine wiki ijayo. Akasema pia kwamba yeye mwenyewe ameuziwa, kwamba msambazaji ndiye mwenye makosa, na kwamba mama asikasirike, presha si nzuri. Hilo la presha ndilo lililomchemsha damu. Alitoa simu, akapiga ile namba, akaiweka juu ya kaunta ikiwa kwenye kipaza sauti.

Sauti ya mwanamke mzee ikaitika, kavu na iliyonyooka. Mama Ramani akajitambulisha, akamweleza alichokipata.

"Kompyuta yangu niliipeleka kutengenezwa," mwalimu akasema. "Nikaambiwa diski imekufa na imetupwa."

"Uliipeleka wapi, mwalimu?"

Mwalimu akalitaja duka, na mtaa, na rangi ya mlango. Wateja wawili waliokuwa wakichagua nyaya wakageuka. Muuzaji alikwisha kuinama chini ya kaunta. Akainuka na diski nyingine, akaichana plastiki mwenyewe, akaichomeka kwenye kompyuta yake kuonyesha kwamba ni tupu, akamkabidhi bila kuidai ile ya kwanza. Tabasamu lilikuwa limekwenda.

Diski hiyo seva iliipokea kwa dakika mbili. Wachoraji wakarudi kazini, na mpima mkuu akalalamika kwamba siku nzima imepotea kwa ajili ya kitabu cha mtu.

Kesho yake mwalimu alikuja, mwembamba, mkoba umebanwa kwapani. Mama Ramani alitarajia walau asante. Mwalimu alikaa, akaomba afunguliwe sura ya kwanza, akaisoma yote, kisha akauliza kama kuna mtu amegusa chochote. Hakuna, mwalimu. Kama kuna aliyenakili. Hakuna, mwalimu. Kisha akaeleza, akitazama dirisha, kwamba alipoambiwa diski imekufa alianza kuandika upya kwa mkono, na amefika sura ya sita.

"Na hii mpya ni bora," alisema. "Hii ya zamani ina uvivu mwingi."

Mama Ramani alihisi uchovu wa siku mbili ukimshukia mabegani kwa pamoja. Akauliza, kwa adabu aliyoitafuta mbali, kama basi diski haina kazi tena.

Mwalimu alifungua sura ya saba, halafu ya nane, akapitisha kidole kwenye kioo juu ya mchoro mmoja. "Hizi tano nilikuwa nimeshazikatia tamaa," akasema polepole. "Mkono wangu hauchori tena hivi." Akaiweka diski ndani ya mkoba na kutoka, na asante akaisemea mlangoni, akiwa amekwisha kumpa mgongo.

Kitabu kilitoka mwaka uliofuata. Mwalimu alileta nakala mwenyewe, makosa matatu ya mpiga chapa yamezungushiwa penseli, pamoja na diski ile. Akaomba kitabu kihifadhiwe kwenye seva ya ofisi, kwa sababu yeye hawaamini mafundi, na watoto wake hawajui kutunza kitu. Mama Ramani alimweleza kwamba ile ni ofisi ya wapima ardhi. Mwalimu akasema analijua hilo, akabaki amekaa. Akafunguliwa folda yake, kati ya viwanja vya makazi na mashamba, na mpima mkuu hakuambiwa.