Klipu ya Mpira wa Turbo

Usahaulifu na mdomo vimeniponza. Sijui nitapita na uso gani Nachingwea. Rafiki yangu Fundi Hamisi alilifungia gari langu turbo kubwa ya kuliongezea nguvu. Jana likaishiwa nguvu, kilima cha Chinongwe likapanda likihema kama mgonjwa. Asubuhi nikaenda gereji kwake, nikamwita mwizi mbele ya wateja.

"Umebadilisha turbo yangu!"

Hamisi akafungua boneti, akashika mpira unaopeleka upepo kwenye injini. Ulikuwa umelegea, upepo wote unavujia hapo.

"Klipu ya kuubana iko wapi?" akauliza.

Nikaapa sijaigusa. Mara baba yangu akaingia, bomba la kupulizia mikorosho mgongoni.

"Mwanangu, ile klipu uliyonifungia juzi imeshika kwelikweli! Bomba halivuji tena."