Risasi Nyembamba Yenye Baruti Nyingi

Mbweha aliyekuwa akimmaliza Meinir alikuwa mbweha wake mwenyewe, maana ni yeye aliyemlemaza. Alimpiga Machi ya mwaka uliotangulia kwa bunduki ndogo ya marehemu baba yake, ile ya risasi namba ishirini na mbili ambayo kwa sungura haina mfano. Mwisho wa nguvu zake ni hatua sabini. Usiku ule mbweha alisimama hatua mia na hamsini. Meinir alijua umbali huo haufai, alijua tangu ana miaka kumi, lakini ulikuwa usiku wa nne hajalala, na hasira haipimi umbali. Mbweha alilia, akaburura mguu wa nyuma hadi kwenye mawe, akapotea.

Mbweha wa miguu mitatu hamwezi tena sungura. Anachoweza ni mwana-kondoo aliyezaliwa sasa hivi, hajakauka. Masika ile alibeba kumi na mmoja.

Idwal, mdogo wake Meinir, alipanda kutoka nyumba ya chini akasimama mlangoni bila kuvua kofia.

"Dada, unafuga kondoo au unafuga mbweha?"

"Nafuga wote. Na wewe nilikufuga."

"Sikiliza. Watu wa misitu wanautaka mlima huu wa juu wapande misonobari. Nakupa mwaka mmoja. Wana-kondoo wa mwakani wakifika mnada wa Septemba, baki na malisho yako. Wasipofika, nauza."

Malisho yako, alisema, kana kwamba kweli yalikuwa ya dada yake. Meinir aliachishwa shule ana miaka kumi na miwili, mama yao alipofariki, ili apike, akamue, na amlee huyu huyu Idwal. Idwal alisoma, akaenda kuendesha malori Uingereza, akarudi na mke na tumbo. Miaka thelathini na zaidi aliyezalisha kondoo kwenye theluji alikuwa Meinir. Baba alipokufa, wakili alisoma wosia pale jikoni: shamba lote ni la Idwal, na dada yake aangaliwe. Aangaliwe! Neno moja kwa miaka yote hiyo. Akahamia nyumba ya juu ya wachungaji akiwa na kondoo arobaini, na huko ndiko alikofikisha miaka hamsini na miwili.

Msimu wa majani kupukutika alimwendea Goronwy, muuza bunduki wa mjini, mzee mwenye jicho moja zuri na mdomo mchafu. Goronwy alimpeleka kwenye shimo la mawe nyuma ya duka, penye ukuta mrefu wa udongo mweusi.

"Kwa upepo wa kule kwako, mama, chukua namba mia mbili arobaini na tatu. Hii inaangusha hata kulungu. Mbweha ataona malaika kabla hajasikia mlio."

"Na isipompata, inakwenda wapi?"

"Inakwenda mbali."

"Chini ya mlima kuna nyumba."

"Ya nani?"

"Ya mdogo wangu."

"Basi lenga vizuri," alisema Goronwy, akacheka mwenyewe.

Meinir alitaka kujionea mwenyewe. Kwanza alichukua ile ndogo ya baba yake, akapiga jiwe lililolowa. Risasi iliteleza, ikaruka juu ikilia kama mbu, ikaenda ilikojua yenyewe. Akapiga jiwe lile lile kwa bunduki nyingine ya dukani, namba mia mbili ishirini na tatu, ndogo kuliko ile aliyoisifu Goronwy. Hakusikia kitu kikiruka. Akapiga tena kwenye udongo, akapiga magoti akachimba kwa vidole: vipande vidogo vidogo, kama maganda ya yai. Hiyo ikipiga, inaishia pale pale.

Goronwy aliweka risasi mbili kiganjani, ya zamani na mpya. "Tazama. Namba zisikudanganye, upana wake karibu sawa. Ilichozidi hii ni baruti tu."

Meinir alizichukua, akazipima uzito. "Kumbe ni ndugu," alisema. "Ila mmoja kapewa kila kitu."

Polisi alikuja akaukagua mlima, akaiandika namba hiyo kwenye kibali, na Meinir akaandika jina lake polepole, maana tangu shule kalamu hakuishika sana. Ili ainunue bunduki hiyo aliuza kabati la vyombo la mama yake. Pale lilipokuwa, ukutani pakabaki alama nyeupe.

Wana-kondoo wakaanza kuzaliwa. Meinir alifunga kurunzi yenye kioo chekundu juu ya darubini ya bunduki, betri akaiweka begani, akalala kwenye majani yaliyoganda. Alinyonya mgongo wa mkono wake hadi ukatoa sauti ya sungura anayekufa. Usiku wa sita macho mawili yakawaka, yakaja yakichechemea, yakasimama. Hatua mia na ishirini, na kidole kilikuwa tayari. Lakini yalisimama juu kabisa, mgongoni mwa mlima, na nyuma yake hapakuwa na udongo. Palikuwa na kiza, na chini kwenye kiza taa moja: dirisha la chumba cha Idwal.

Baba alikuwa akisema, usipige kitu ambacho nyuma yake ni anga, risasi haina pa kuishia. Meinir alibaki amelala pale, jicho kwenye darubini, kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Watu wangesema ni ajali. Kisha akaondoa kidole. Mbweha akazunguka ukuta wa mawe, akabeba mwana-kondoo, akaenda zake, na asubuhi mama mtu akazunguka na chuchu zilizojaa akiita.

Usiku wa tisa mbweha alishuka bondeni, na nyuma yake kulikuwa na kilima kizima. Risasi moja. Hakulia safari hii. Meinir alimgeuza: jike, mguu wa nyuma umeunga vibaya, matiti yana maziwa. Alijifuta mikono kwenye majani mara nyingi.

Kulipokucha alimtundika kwenye uzio wa Idwal, kama wafanyavyo huko ili kazi ionekane. Idwal alitoka na kikombe cha chai.

"Nimempata," alisema Meinir. "Watafika Septemba."

Idwal alitazama chai yake. "Dada... nilishatia sahihi. Mwezi wa pili. Wanaanza kupanda Novemba."

"Mwezi wa pili kondoo walikuwa hawajazaa."

"Bei ilikuwa nzuri. Nilitaka kukwambia. Utakuja kukaa hapa na sisi, utaangaliwa."

Maji yalidondoka kutoka kwenye mkia wa mbweha.

"Siku tatu zilizopita," Meinir alisema taratibu, "alisimama mgongoni mwa mlima. Nyuma yake palikuwa dirisha lako, na taa inawaka."

Idwal aliinua macho. "Halafu?"

"Sikupiga."

Akapanda mlima, maana kulikuwa na kondoo aliyekuwa akihangaika kuzaa. Chini, Idwal alikuwa bado amesimama kwenye uzio, kikombe mkononi, akilitazama dirisha lake.