Nilikuwa Shahidi wa Baba

Asali ikichanganywa na maji na kuanza kuchacha hutoa harufu kali inayoshika hadi kwenye nguo, na nyumba yetu ya Kwihara ilinuka hivyo kila kiangazi, baba aliporudi kutoka msituni kurina. Asali safi ilikwenda sokoni Tabora. Iliyobaki kwenye masega iliingia mtungini nyuma ya ghala, ikawa wanzuki, pombe yetu ya asali. Baba alianza na wanzuki, akaongeza gongo, na mwishowe haikujulikana ipi inafuata ipi. Mimi nilikuwa na miaka kumi, na tayari nilikuwa fundi wa kumvua mtu mzima viatu bila kumwamsha. Wageni waliokuja kuitazama tembe ya kale, nyumba ya makumbusho ya kijiji chetu, walimkuta amekaa mavumbini akiwapungia mkono kama mwenye mji, nami nikijificha nyuma ya nyumba kwa aibu.

Mama alisikia kwenye kwaya kwamba kuna watu wanaokutana Ipuli kila Jumamosi asubuhi, wanasaidiana kuacha pombe. Baba alikataa katakata. Alikubali siku alipompepesukia mdogo wangu Masanja jikoni, mtoto akaungua mkono kwa uji. Kikundi kilikuwa na sharti moja: kila mtu aje na shahidi kutoka nyumbani, kwa sababu mlevi hajisemi. Mama alikuwa na karanga za kung'oa, kwa hiyo nikapandishwa nyuma ya baiskeli mimi. Walikutana kwenye darasa la chekechea, wanaume wenye ndevu wamekalia viti vya watoto, magoti yamegusa videvu, nikacheka hadi baba akanifinya. Kiongozi wao, Mama Yustina, muuguzi mstaafu, alinisimamisha mbele ya wote.

“Shikamoo,” nilisema.

“Marahaba, mwanangu. Sema kweli. Wiki hii baba amekunywa?”

“Hajanywa.”

Ilikuwa kweli. Alipigiwa makofi ya kilo, akalia mbele ya watu, na njiani akaninunulia kashata, akaendesha baiskeli huku akiimba. Sijawahi kufurahi tena kiasi kile. Kwa wiki nne nilikuwa na baba kama wa watoto wengine, anayejua niko darasa la ngapi.

Wiki ya tano nilimfuma nyuma ya ghala, kata mkononi. Hakushtuka. “Njoo, Kabula, usiogope. Hii ni asali tu. Pombe ni ile niliyoacha.” Kwetu wapo wengi wanaoamini hivyo kwa moyo safi; wanzuki hunywewa harusini, na bibi wa kanisani anakunywa kisha anaongoza sala. Nilitaka sana kumwamini. Lakini siri ya mtungi aijuaye kata, na jioni ile nilimvua viatu tena. Jumamosi tulikwenda Ipuli. Mlangoni aliinama, akanifunga kifungo cha gauni kilichofunguka. “Usiniaibishe mbele za watu, mwanangu.” Nilikuwa nimelelewa kujua kwamba mtoto anayemvua baba yake nguo hadharani hujitafutia laana. Mama Yustina aliuliza. Nikasema hajanywa. Makofi yakapigwa, na baba hakulia safari hii, alitazama sakafu. Nilisema vilevile Jumamosi iliyofuata, na iliyofuata, mpaka wakamchagua awe mfano kwa wanachama wapya.

Kiangazi kilikuwa hakijaisha. Baba alianguka kutoka juu ya mti akishusha mzinga, akafa palepale, na wenzake aliokwenda nao msituni walisema tangu asubuhi alikuwa amelewa. Walimwambia mama peke yake, mimi nikisikiliza dirishani. Kikundi kizima kilikuja msibani. Mama Yustina alisimama kando ya jeneza akasema ndugu yetu ameondoka akiwa mtu huru, na watu wakaitikia amina. Mama aliuma pindo la kanga, akanitazama kwa muda mrefu. Hakuniuliza kitu siku ile, wala hadi leo. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Baba hakuumbuka. Alizikwa na sifa, nami nikajichukia, na bado najichukia.

Leo naishi Chemchem, Tabora mjini, na sasa Masanja ndiye anayekunywa, vile vikali vya dukani vinavyouzwa kwenye chupa ndogo. Nilimtafutia kikundi, nikambembeleza wiki nyingi, akakubali. Siku hizi wanakalia viti vya plastiki na kuna chai na maandazi, ila swali ni lilelile. Mwezi mmoja uliopita mwenyekiti aliniuliza, nikasimama. Nilikuwa nimelisubiri swali lile miaka yote. Nikasema amekunywa, jana na juzi, na leo asubuhi kabla hatujatoka. Nilitegemea atalia, tumshike, tuanze upya. Masanja aliinuka. “Hata baba hukumfanyia hivi, dada,” alisema, akatoka. Hajarudi nyumbani, simu yake haipatikani, na mama anauliza kila siku nimemwambia nini mwanawe. Bado naenda kila Jumamosi. Mwenyekiti ananiuliza kama ndugu yangu amekunywa wiki hii, nami nasimama na kusema sijui, sijui hata kama yu hai.