Sauti za Kang'ata zilikuwa kwenye pipa la taka

Sauti zote tulizorekodi kijijini Kang'ata zimepatikana. Amethibitisha fundi wa kompyuta, Semboja, jioni hii, hapa Korogwe.

Mchana zilikuwa zimepotea, na aliyezipoteza ni mimi.

Kompyuta ya ofisini ilikuwa nzito. Nikaweka programu ya kusafisha. Ikafuta takataka zote, ikanipongeza.

Ndipo Rehema, mtangazaji mwenzangu, akauliza taratibu: "Kaka, nani kagusa pipa la taka la kompyuta?"

Kumbe ndimo anamotunza kazi zake. Kompyuta tunachangia wengi, na kila mtu hufuta asichokijua. Pipani, anasema, hakuna anayepekua.

Humo yalikuwemo makubaliano ya wafugaji na wakulima kuhusu njia ya ng'ombe kwenda kunywa maji lamboni. Wazee waliyatamka mbele ya kinasa sauti. Bila sauti hizo, yeyote angeweza kukana.

Fundi alitukataza kugusa chochote. Akachomeka kifaa chake, tukasubiri.

Kisha ikasikika sauti ya mzee mmoja mfugaji: "Mimi nimekubali. Ng'ombe nitawaambia."

Tulicheka mpaka Rehema akakaa sakafuni.

"Dada," fundi akamwambia, "hata kuku hatagi jalalani."

"Anataga," Rehema akajibu. "Wewe hujafuga."

Programu nimeiondoa. Rehema bado anatetea pipa lake.

Nyie kazi zenu mnazificha wapi? Semeni ukweli.

Nakala moja tumeshaihifadhi kwa fundi. Kipindi chenye sauti hizo kitarushwa kesho jioni, baada ya taarifa ya habari.