Nilinunua vifaa vyote vya jiko la kuni kwa ajili ya mama mkwe, nikakosea kwenye majivu

Wakuu, wazima humu? Walionizidi umri, shikamooni.

Ninayoandika yamenitokea mwenyewe, hapa hapa Babati, msimu huu wa baridi. Chumvi siongezi, maana mume wangu naye ni member humu na anasoma kila kitu, nikidanganya nitaumbuka leo leo.

Mimi nauza kwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini. Nyumbani ni Singe. Nimezaliwa na kukulia Morogoro mjini, kwa hiyo moto kwangu ni kiberiti na gesi. Mume wangu, Baba Nuru, kwao ni juu Mbulu.

Mama yake alikuwa anaishi peke yake huko juu tangu mzee afariki. Mwaka jana baridi ilimpiga, akalazwa kwa homa ya mapafu. Alipotoka daktari akasema maneno mawili: asikae kwenye baridi, na asikae kwenye moshi. Sasa nyumba ya kule ina vyote viwili. Tukamleta kwetu.

Najua kuna watu watasema Babati siyo baridi. Njooni mwezi wa saba mlale kwenye chumba cha tofali na sakafu ya sementi, halafu tuongee. Mama alikuwa anajifunika mablanketi mawili na bado anatetemeka. Akaomba tumwekee jiko la mkaa chumbani.

Nikakataa katakata. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa linaua, na wengi humu mna habari za watu mliowazika kwa sababu hiyo.

Basi nikamtafuta fundi wa kuchomelea, akatengeneza jiko la kuni la chuma kizito, lina mlango na bomba la moshi linalotokea nje kupitia ukutani. Tukaliweka sebuleni, kiti cha mama pembeni yake, dirisha la upande wa pili tunaliacha wazi kidogo.

Wakuu, mimi ni mtu wa vifaa. Hapo ndipo niliponogewa.

Nilileta shoka dogo la kuchanja vijiti vya kuwashia, kibanio kirefu cha kushikia kuni inayowaka, fimbo ya chuma ya kuchokolea moto, kibeleshi cha majivu, glavu za ngozi zile za mafundi, na brashi ya waya ya kusugulia bomba maana masizi yakijaa yanaweza kushika moto. Ukutani nyuma ya jiko nikapiga bati, na chini nikaweka vigae ili cheche isidondokee kwenye mkeka. Kuni nikazipanga chini ya paa, kavu tupu. Kuni mbichi ni moshi na machozi, msije mkadanganywa na muuzaji.

Kitu kimoja nilisahau: ndoo ya majivu. Siku ya kwanza nikachota majivu nikamwaga kwenye ndoo ya plastiki iliyokuwa na rangi, nikaiacha barazani. Nusu saa baadaye ndoo imekaa kama chapati. Muuza hardware mzima! Majivu yanaonekana yamekufa kumbe ndani yana makaa. Nunueni ndoo ya bati yenye mfuniko.

Mama alifurahi wiki ya kwanza. Alikuwa anakaa pale anapukuchua mahindi na mjukuu wake Nuru, anamfundisha kuhesabu kwa lugha ya kwao.

Halafu akaanza kupoa. Siyo kuumwa, kupoa tu. Anakula kidogo, anajibu kidogo. Kila asubuhi nikisafisha jiko anageuza uso anaangalia dirishani.

Na mimi kusafisha ndiyo ugonjwa wangu. Nilikuwa natoa majivu yote, nasugua kwa brashi, namalizia na kitambaa mpaka chuma kinang'aa. Nikajiona mkwe wa mfano.

Asubuhi moja nikamkuta amevaa sweta, begi limefungwa liko mlangoni.

"Mama Nuru, mwambie baba yake anitafutie gari. Nimekaa vya kutosha."

"Mama, kuna nini? Nimekukosea?"

"Hujanikosea mwanangu. Nataka kwangu."

Kwake hakuna mtu. Kuna baridi ile ile na moshi ule ule, na mapafu yake ndiyo hayo. Kila mtu pale alijua akirudi huenda tusimpate tena mwaka unaofuata.

Niseme ukweli, kwanza nilikasirika. Nikasema moyoni, nimejitoa hivi halafu shukrani yake ndiyo hii? Baadaye nikalia bafuni. Mume wangu akambembeleza asubiri mpaka Jumapili, akampigia dada yake anayeishi Mutuka.

Wifi akaja baada ya ibada. Mama alikuwa amejilaza, nikamwonyesha wifi jiko kwa maringo yote, na jinsi ninavyolisafisha. Akanishika mkono.

"Wifi, unatoa majivu yote?"

"Yote."

"Kila siku?"

"Kila siku, hata chembe haibaki."

Akakaa chini kwanza. Akaniambia kwa mama yao moto haukuwahi kuzimwa. Jioni unakusanya makaa, unayafukia na majivu. Asubuhi unafukua, moto upo. Majivu yanapunguzwa tu, hayaishi.

"Sisi tumeona jiko linafagiwa likawa tupu mara mbili. Tulipohama nyumba ya zamani, na siku alipozikwa baba. Sasa wewe kila asubuhi unalifagia mbele ya macho yake. Anaona unamwambia safari yake imefika."

Nikauliza kwa nini hakusema.

"Aseme nini, wifi? Anaona unavyohangaika. Anaona aibu kumkosoa mtu anayemhudumia hivyo."

Nikaingia chumbani kwake, nikakaa sakafuni karibu na kitanda. Nikamwambia, "Mama, mimi sikujua. Kwetu tunasafisha ili mtu akae. Nilikuwa nakusafishia ukae."

Aligeuza uso akaniangalia. Halafu akasema, "Kumbe."

Akainuka taratibu, akaenda sebuleni, akanyoosha mkono. "Nipe hicho kibeleshi chako."

Ilikuwa mara ya kwanza anagusa kifaa changu hata kimoja. Akafungua ndoo ya bati, akayarudisha majivu yaliyopoa ndani ya jiko, akayatandaza unene wa vidole viwili hivi. Jioni ile alinifundisha kukusanya makaa na kuyafukia. Nilikosea, akanipiga kidogo kwenye mkono kama anavyompiga Nuru. Nilifurahi kupigwa, wakuu, msinicheke.

Asubuhi akafukua. Mekundu. Vijiti vitatu tu, bila kiberiti, moto ukawaka.

Fundi naye nilipomsimulia akaniambia majivu kidogo chini yanalinda chuma na kutunza joto, alidhani najua. Asante sana fundi, kwa kuchelewa kwako.

Begi halikufunguliwa siku ile. Lilikaa mlangoni siku tatu, na mimi nilikuwa nalipita kimya kimya. Siku ya nne nikakuta kanga zake kwenye kamba, amefua mwenyewe.

Siku hizi jiko ni lake. Mimi kazi yangu ni kusugua bomba na kuleta kuni, na nikitaka kugusa majivu naomba ruhusa.

Wiki hii amepanda juu kwa kipaimara cha mtoto wa ndugu yake. Nilijawa na hofu kwamba akifika kwake hatarudi. Leo mchana niko dukani, mteja anasubiri misumari, simu ikaita. Hakunisalimia, hakumuulizia mwanawe.

"Moto upo?"

"Upo, Mama. Nimeufukia jana, leo nimeufukua."

"Basi Jumamosi ninarudi nyumbani."

Amesema nyumbani, wakuu. Misumari ya watu niliihesabu mara tatu na bado nikakosea.

Nilichojifunza ni kidogo tu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi mama wa watu nilimnyima hata kibeleshi, nikadhani ndiyo heshima. Mkiwaleta wazee kwenu, waulizeni mambo yao yalivyokuwa yakienda, hata yale yanayoonekana madogo kama majivu.

Wa Mbulu na wenye asili ya huko, niambieni: hii ya majivu ni ya wote au ni ya nyumba ya mama mkwe wangu tu? Na wenye majiko ya bomba, mnasugua kila baada ya muda gani? Hata wa kunisema kwa ile ndoo ya plastiki karibuni, nimestahili.