Mlango wa Kushoto

Mwalimu mstaafu anayeandika gazetini habari za magari ya zamani hafungui boneti kabla ya kulizunguka gari polepole, mikono nyuma, kama anayesimamia mtihani. Injini ikiwashwa huinua kidole, na gereji nzima hunyamaza. Leo fundi alimfuata roho mkononi, maana alikwisha kuutangazia mtaa mzima kwamba gari lake, lenye kila kipande chake cha asili, litatoka gazetini. Mzee aligonga milango kwa kifundo cha kidole, mmoja baada ya mwingine, akitega sikio. Alipofika mlango wa kushoto, akarudia.

"Huyu amenakili," alisema, kama anayemsema mwanafunzi.

Fundi akajikuta amesimama wima. "Ni bati la pipa, mwalimu. Mlango wenyewe uliliwa na kutu. Huu nimeufua mwenyewe kwa nyundo."

"Kwa mkono? Na mikunjo yote hii?"

"Ndiyo, mwalimu. Basi hutaandika tena?"

Mzee alikuwa akipitisha kiganja kwenye bati, kwenda na kurudi, macho yaking'aa kama ya mtoto. "Vuta kiti, baba. Tutaanza na mlango huu. Nyundo ya kwanza uliipiga wapi?"