Ubao wa Gemu kwa Mkono wa Dada

Dada yangu alichuma majani chai kwa mkono mmoja na nusu. Nasema nusu kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akisema hivyo, huku anacheka. Akiwa mtoto wa kutambaa aliangukia moto wa mafiga, na vidole vya mkono wa kushoto vikapona vikiwa vimeshikana kama ngumi ndogo. Ngumi hiyo ilikuwa na nguvu. Alikamua ng'ombe nayo, alipasua kuni nayo, na kwenye kituo cha kupimia majani kikapu chake hakikuwa chepesi kuliko cha mtu yeyote wa kwetu. Hakuna kazi aliyowahi kuondolewa kwa kuhurumiwa.

Kitu alichonyimwa ni mchezo.

Hiyo ilikuwa miaka ya tisini, kwenye soko dogo kati ya Kaplong na Chepilat. Nyuma ya poshomili, kinu cha kusaga mahindi, mzee mmoja aliyetoka upande wa Kisii alikuwa amefungua chumba cha video, na baadaye akaleta mashine ya gemu, ile ya kuunganishwa na TV, yenye padi mbili za kushika mikononi. Padi ilikuwa kidude cha plastiki: kushoto msalaba wa kumwelekeza mtu wako kwenye TV, kulia vibonyezo vya kupiga ngumi na kuruka. Sisi vijana tulijazana pale. Dada naye, akishapeleka majani, alipitia na kukaa benchi la nyuma akitutajia makosa yetu. Macho yake yalikuwa yanaona gemu kuliko sisi sote.

Siku moja akaomba zamu. Padi ikamshinda kuishika, kwa sababu msalaba unataka kidole gumba cha kushoto, na yeye hicho hana. Ikaanguka. Kijana mmoja, bingwa wa pale, akaiokota na kuipangusa kama imeangukia samadi.

"Dada, hii si majani chai," akasema. "Hii inataka mtu ako na mikono mbili."

Watu wakacheka. Mwenye video hakucheka, lakini akamwambia kwa upole akae tu, padi zikivunjika hana zingine. Dada pia alicheka kidogo, akachukua kikapu chake akaenda. Jioni wakati wa kukamua hakuimba. Yeye huwaimbia ng'ombe, na asipoimba yule mwekundu hushikilia maziwa. Siku hiyo ng'ombe akashikilia maziwa, na mimi nikashikilia hasira.

Nilikuwa nimeishia darasa la nane. Kazi yangu ilikuwa kutengeneza redio za majirani, na zingine zilipona. Kabla ndoo haijajaa nilikuwa nimeamua: kama padi haimfai dada, basi mbaya ni padi. Nitatengeneza ingine. Kwenye gazeti kuukuu nilikuwa nimeona picha ya zile mashine kubwa za gemu za huko ng'ambo, zimesimama kama kabati, na mbele zina ubao wenye kijiti na vibonyezo vikubwa vya kupigwa na kiganja. Ubao ni ubao tu. Hata kwetu mbao zilikuwepo.

Kesho yake nikamwomba mwenye video padi moja niifungue. Akaniuliza kama nina wazimu. Nikamwachia redio yangu mwenyewe, nikamwambia nikiharibu abaki nayo. Baba aliposikia akasema nitulie, mkono wa dada Mungu ameshaupangia kazi yake. Nilimheshimu baba sana, lakini nikamjibu kwamba Mungu hakusema chochote kuhusu gemu. Akaangalia kando. Nafikiri alikuwa anaficha kicheko.

Nikapata kasha la kupakia chai, la mbao nyembamba, lile ambalo ndani limebandikwa karatasi ya bati inayong'aa. Hilo likawa ubao, na juu yake nikageuza mpangilio wote: kijiti nikakiweka kulia, kwa mkono wake mzima, na vibonyezo kushoto, kwa ngumi. Kijiti kilikuwa cha mpera, nimekizungushia waya wa shaba na kukibana kwa raba ya tyubu katikati ya vibati vinne vya tochi, ili ukikisukuma kiguse kimoja. Vibonyezo vilikuwa vifuniko vya soda juu ya springi za kalamu. Ndani ya padi, kwenye kibao chake cha umeme, nikakwangua rangi ya kijani kwa wembe mpaka shaba ikaonekana, nikaunganisha waya kwa risasi ya kuyeyusha na msumari mnene niliopasha kwenye jiko. Kila kibonyezo kinataka waya yake, halafu kuna waya moja inayopita kwa vyote. Ni kama Jumapili tukitoka kanisani: tunapanga laini nje, na kila anayetoka anasalimia mikono yote mpaka mwisho ndipo naye ajipange. Ukiruka mtu mmoja, hapo umeleta maneno.

Jumamosi asubuhi, kabla vijana hawajafika, tukaenda kujaribu. Mwenye video akawasha. Hakuna aliyegusa kitu, lakini yule mtu kwenye TV akaanza kuruka, kupiga, kuchutama na kugeuka, yote pamoja, kama ameingiliwa na siafu kwenye suruali. Mwenye video akaitazama redio yangu pale rafuni kwa upendo.

Dada akainama, akachungulia chini ya ubao, akaniuliza hiyo karatasi inayong'aa ni ya nini.

"Ni urembo," nikamwambia. Kweli nilikuwa nimeiacha makusudi. Ilipendeza.

"Na hizi waya zote zinaigusa?"

Nikainama nami kuchungulia. Bati hupitisha umeme. Nilikuwa nimevibonyeza vibonyezo vyote kwa mara moja, na kwa urembo. Fundi wa Nairobi hawezi kufanya kosa kama hilo; kasha la chai atalitoa wapi? Tukaibandua kwa kucha, yeye upande wake na mimi upande wangu, vumbi la chai likitupigisha chafya. Mtu wa kwenye TV akasimama wima, akangoja aambiwe.

Kufikia mchana chumba kilikuwa kimejaa. Bingwa akasema ubao ni wizi, padi ni padi. Nikamwambia aucheze yeye kama ni rahisi. Akajaribu, mikono ikampotea, akaurudisha haraka na kushika padi yake. Dada akakaa. Kijiti akakishika kwa vidole, ngumi akaiweka juu ya vifuniko, akaanza kuvipiga kama anaponda nafaka ya wimbi. Bingwa akatoka jasho. Mimi moyoni nilikuwa nimeshamwona dada akishinda, sote tunabebwa juu juu hadi barabarani.

Akashindwa.

Sheria ya pale ni kwamba anayeshindwa huinuka. Bingwa akamwambia vile alivyotuambia sisi sote kila siku, atoke hapo. Kisha akaongeza kwamba sasa aende nyumbani, ameshajionea.

Dada akainuka. Nilitaka kumrukia yule kijana, lakini dada hakunipa nafasi.

"Nimeshindwa," akasema. "Sijafukuzwa." Akageukia benchi. "Nani wa mwisho hapa? Mimi niko nyuma yako."

Mmoja karibu na mlango akainua mkono, akasogea, na dada akaketi kando yake.

Aliyefuata akaja mezani, akauliza padi ya pili iko wapi.

"Iko ndani ya hiyo ubao," mwenye video akamwambia. "Kama huwezi, pisha wengine."

Akatutazama, akaketi, akashika kijiti kwa mkono wa kulia.